Jan Egeland: mwanadiplomasia aliyekaa hema moja na Kony, kisha akaacha viti vya wakubwa

Ni siku ya yenga, tarehe 12 mwezi wa 11 mwaka 2006. Helikopta inatua Ri-Kwangba, ndani ya pori la Sudani ya Kusini, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Upande wa pili ni Haut-Uélé na mbuga ya Garamba, ambamo waasi wa LRA kutoka Uganda wamejificha tangu mwaka 2005. Anayeshuka ni Jan Egeland, raia wa Norwei mwenye miaka 49, mkuu wa misaada ya kibinadamu katika Umoja wa Mataifa. Amekuja kuonana na Joseph Kony, mtu anayetafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ya La Haye.

Kony anakawia kutokea. Mwishowe anatoka porini akizungukwa na wapiganaji wenye silaha, anaingia chini ya hema, na mazungumzo yanachukua muda mfupi tu. Egeland anaomba jambo moja: watoto, wanawake na majeruhi walioko mikononi mwa LRA waachiliwe. Kony anajibu kwamba hana watoto wala mateka, ana wapiganaji tu. Helikopta inarudi Juba bila hata mtoto mmoja.

Leo wakaaji wengi wa Dungu, Faradje na Doruma hawalikumbuki jina la mzungu huyo. Lakini kazi yake ya miaka zaidi ya arobaini, kutoka wizara ya mambo ya nje hadi shirika lisilo la kiserikali, imegusa Kongo mara nyingi. Pia inasaidia kujibu swali ambalo kila mkimbizi wa vita amewahi kujiuliza chini ya shitingi: wakubwa wa dunia wanapotaja majina yetu, inatusaidia nini?

Kijana wa Stavanger

Jan Egeland alizaliwa tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 1957 mjini Stavanger, pwani ya magharibi ya Norwei. Akiwa na miaka 19 alikwenda Kolombia kujitolea kwenye kazi ya padri mmoja Mkatoliki, Rafael García-Herreros, aliyekuwa akijengea maskini nyumba na kuwasaidia kupitia shirika la Minuto de Dios. Kijana aliyetoka kwenye nchi tajiri na yenye amani alikuta huko familia zisizokuwa na kitu.

Aliporudi alisoma siasa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kuingia Amnesty International. Alikuwa na miaka 23 tu alipofanywa mwenyekiti wa tawi la Norwei, na baadaye akawa makamu mwenyekiti katika halmashauri ya kimataifa ya shirika hilo. Alifanya pia kazi ya uandishi wa habari katika NRK, redio na televisheni ya taifa la Norwei. Waliomsikia baadaye akizungumza huko New York walimtambua kama mtu wa redio: sentensi fupi, tarakimu moja au mbili, na neno ambalo msikilizaji halisahau.

Mwaka 1988 alitoa kitabu kuhusu siasa ya haki za binadamu ya nchi mbili, Marekani na Norwei. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi kubwa yenye nguvu inaweza kushindwa kufanya mambo ambayo nchi ndogo inayaweza. Nchi kubwa ina maadui wengi, ina majeshi kila mahali, na kila neno lake linapimwa. Nchi ndogo isiyokuwa na koloni wala jeshi la kutisha inaweza kukaa na pande zote mbili. Miaka michache baadaye alipata nafasi ya kulijaribu wazo hilo.

Oslo, mazungumzo ya siri

Kuanzia mwaka 1990 hadi 1997 Egeland alikuwa katika wizara ya mambo ya nje ya Norwei, sehemu kubwa ya muda huo akiwa katibu wa dola, cheo kinachofanana na cha naibu waziri. Mwezi wa 9 mwaka 1992 alikwenda Israeli, na huko wazo la kufungua njia ya siri kati ya Waisraeli na chama cha PLO cha Yasser Arafat likaanza kuchukua sura. Wakati huo sheria ya Israeli ilikataza raia wake kuonana na PLO.

Mkutano wa kwanza ulifanyika mwezi wa kwanza mwaka 1993 karibu na mji mdogo wa Sarpsborg. Kazi hiyo ilibebwa na watu wachache: mtafiti Terje Rød-Larsen, mke wake Mona Juul aliyekuwa mwanadiplomasia, Egeland upande wa serikali, na baadaye waziri Johan Jørgen Holst. Hapakuwa na kamera wala bendera. Tarehe 13 mwezi wa 9 mwaka 1993, siku moja baada ya Egeland kutimiza miaka 36, Yitzhak Rabin na Arafat walipeana mikono mbele ya ikulu ya Marekani huko Washington.

Amani hiyo haikudumu. Rabin aliuawa na Mwisraeli mwenzake mwezi wa 11 mwaka 1995, na damu inaendelea kumwagika huko mpaka leo. Lakini jina la Norwei lilibaki kama nchi ya wapatanishi. Mwezi wa 12 mwaka 1996 serikali ya Guatemala na waasi wake walisaini makubaliano ya kusimamisha vita mjini Oslo. Mwezi wa 9 mwaka 1997 mataifa yalikutana mjini humo humo na kuafikiana juu ya maandishi ya mkataba unaokataza mabomu ya kuzikwa ardhini, uliosainiwa Ottawa mwezi wa 12.

Kutoka mwaka 1999 hadi 2001 Egeland alikuwa mshauri maalum wa Kofi Annan kuhusu Kolombia, ile nchi ya ujana wake. Mwaka 2002 akawa katibu mkuu wa Msalaba Mwekundu wa Norwei. Mwaka 2003 Annan alimwita New York akamkabidhi ofisi ya kuratibu misaada ya kibinadamu, inayojulikana kama OCHA.

Neno lililowakasirisha matajiri

Ofisi hiyo ina jina kubwa lakini haina jeshi, na fedha inayozisimamia zinatoka mikononi mwa watu wengine. Mkuu wake anaweza kufanya mambo mawili: kuratibu na kusema. Egeland alichagua kusema kwa nguvu. Mwaka 2003, akiwa bado mgeni katika kazi, alifika kaskazini mwa Uganda na kukuta maelfu ya watoto wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini, kwa kuogopa kutekwa na LRA. Aliiambia dunia kwamba huo ni msiba mkubwa uliosahauliwa kuliko yote. Mpaka siku hiyo, vita hivyo vilikuwa vimeendelea kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Halafu ikaja tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2004. Tetemeko chini ya bahari karibu na Indonesia lilileta mawimbi ya tsunami yaliyoua watu karibu 230,000 katika nchi nyingi, hadi pwani ya Somalia. Kesho yake Egeland alisema mbele ya waandishi kwamba nchi tajiri ni bahili katika kusaidia wengine. Marekani, iliyokuwa imetoa ahadi ya dola milioni 15, ilikasirika. Waziri wake Colin Powell alijibu kwamba Marekani si bahili. Baada ya siku chache ahadi ya Marekani ilikuwa imefika dola milioni 350.

Wengine walimlaumu kwa kukosa adabu ya kidiplomasia. Mwanadiplomasia wa kawaida angeomba kwa sauti ya chini na kushukuru kwa kidogo alichopewa. Lakini hesabu ilikuwa wazi: neno moja lilikuwa limefanya kile ambacho barua nyingi za heshima hazifanyi.

Kongo katika mizani

Hapo ndipo Kongo inapoingia. Katika mwezi huo huo wa tsunami, shirika la IRC lilitoa uchunguzi wake uliokadiria kwamba watu milioni 3.8 walikuwa wamekufa Kongo kwa sababu ya vita tangu mwaka 1998. Zaidi ya watu 1,000 walikuwa wanakufa kila siku. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, utapiamlo na uzazi bila msaada, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga barabara na kuvunja vituo vya afya. Wataalam wengine wamebishana juu ya tarakimu hizo, lakini hakuna aliyekana kwamba msiba ni mkubwa. Kwa hesabu hiyo, Kongo ilikuwa inapoteza watu wa tsunami nzima katika muda usiofika miezi minane, tena bila kamera.

Mwezi wa 3 mwaka 2005 Egeland aliwaambia waandishi wa habari kwamba ukihesabu maisha yaliyopotea, mashariki mwa Kongo ndiyo penye msiba mkubwa zaidi wa kibinadamu duniani, kuliko hata Darfur iliyokuwa ikitajwa kila siku. Mwezi wa 2 mwaka 2006, mjini Bruxelles, alishiriki kuzindua mpango wa misaada kwa Kongo wa karibu dola milioni 680. Mwaka ulipokwisha, zilikuwa zimepatikana karibu nusu.

Mwezi wa 9 mwaka 2006 alikuja mwenyewe mashariki mwa Kongo, kisha akapita kaskazini mwa Uganda. Aliporudi New York aliliambia Baraza la Usalama juu ya ubakaji wa wanawake na wasichana, akiufananisha na kansa ndani ya jamii. Hiyo ilikuwa miaka mingi kabla ya Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Jambo lililodumu zaidi kutoka miaka yake ya ONU halikuwa hotuba, lilikuwa sanduku. Zamani, msiba ulipotokea, ofisi ya misaada ilipaswa kwanza kuzunguka na bakuli kuomba fedha, na watu walikuwa wanakufa wakati mabalozi wanangoja majibu ya serikali zao. Akisaidiwa na Annan, Egeland alitetea kuwepo kwa mfuko wenye fedha tayari. Baraza Kuu liliukubali mwezi wa 12 mwaka 2005, na mfuko huo, unaoitwa CERF, ulianza kazi mwezi wa 3 mwaka 2006. Lengo lake la kwanza lilikuwa dola milioni 500. Sehemu moja ya fedha iliwekwa kwa ajili ya misiba ya ghafla, na nyingine kwa ajili ya ile iliyosahauliwa. Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizopata fungu kubwa katika mwaka wa kwanza.

Hema la Ri-Kwangba

Turudi kwenye lile hema la mpakani. Mazungumzo ya amani kati ya serikali ya Uganda na LRA yalikuwa yameanza Juba mwezi wa 7 mwaka 2006, chini ya upatanishi wa Riek Machar. Makubaliano ya kusimamisha mapigano yalisainiwa tarehe 26 mwezi wa 8. Wapiganaji wa LRA walipaswa kukusanyika mahali pawili, kimoja kikiwa Ri-Kwangba. Tatizo kubwa lilikuwa hati za kukamatwa zilizotolewa na Mahakama ya Kimataifa mwaka 2005 dhidi ya Kony na makamanda wake wanne. Kony alitaka zifutwe kwanza.

Je, afisa wa ONU anaweza kukaa na mtu wa namna hiyo? Kwa Egeland jibu lilikuwa lile alilojifunza Oslo: huwezi kuokoa watu ikiwa hutaki kusema na yule anayewashikilia. Wapinzani wake waliona kwamba kumpa Kony nafasi ya kupigwa picha na mkubwa wa ONU ni kumpandisha cheo. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na matokeo hayakumaliza ubishi. Mwezi mmoja baadaye muda wa Egeland katika ONU ulimalizika.

Kilichofuata kilianguka juu ya Wakongomani. Mwaka 2007 Kony aliamuru naibu wake Vincent Otti auawe. Mwezi wa 4 mwaka 2008 wapatanishi walikwenda tena Ri-Kwangba kwa ajili ya saini ya mwisho, na Kony hakutokea. Mwezi wa 9 mwaka huo LRA walishambulia vijiji vya eneo la Duru na kuteka watoto wa shule. Tarehe 14 mwezi wa 12, jeshi la Uganda, likishirikiana na majeshi ya Kongo na Sudani ya Kusini, lilipiga mabomu kambi za LRA katika Garamba. Kony alikuwa ameshaondoka. Waasi walitawanyika na kulipiza kisasi kwa raia wasiokuwa na ulinzi.

Walichagua siku za Noeli, watu walipokuwa wamekusanyika kwa sala na chakula. Kuanzia tarehe 24 mwezi wa 12, karibu na Doruma, katika Faradje na kwingineko, waliua kwa mapanga, shoka na marungu. Human Rights Watch ilihesabu raia wasiopungua 865 waliouawa mwezi huo na mwezi wa kwanza uliofuata, na watoto zaidi ya 160 waliotekwa.

Mwaka mmoja baadaye, kati ya tarehe 14 na 17 mwezi wa 12 mwaka 2009, LRA walipita katika vijiji vya eneo la Makombo na kuua watu wasiopungua 321. Dunia ilipata habari kamili mwezi wa 3 mwaka 2010. Miezi mitatu ilipita kwa kuwa hapakuwa na simu, hapakuwa na barabara, na aliyetembea kwenda kutoa habari aliweza kuuawa njiani. Hapo hakukuwa na mkubwa wa New York wa kupaza sauti, kwa sababu hakuna sauti iliyokuwa imemfikia.

Kuacha kiti, kubaki na kazi

Baada ya ONU, Egeland angeweza kurudi katika siasa au kutafuta ubalozi. Aliongoza taasisi ya utafiti wa mambo ya kimataifa ya Norwei, NUPI, kuanzia 2007 hadi 2011, kisha akawa naibu mkurugenzi wa Human Rights Watch na mkuu wa kazi zake Ulaya. Alikuwa ameshajulikana sana nyumbani, hata mwaka 2012 ndugu wawili wachekeshaji, Ylvis, walimtungia wimbo wa utani wenye jina lake.

Mwezi wa 8 mwaka 2013 akashika uongozi wa Baraza la Wakimbizi la Norwei, NRC. Shirika hilo lilizaliwa mwaka 1946 kusaidia Ulaya iliyobomolewa na vita, na limekuwa Kongo tangu mwaka 2001. Wakimbizi wa ndani wa Kivu na Ituri wanalijua kwa malazi, maji, shule za muda, fedha za mkononi, na msaada wa kisheria kwa wenye kugombania ardhi au waliopoteza hati zao.

Kati ya mwanadiplomasia na kiongozi wa shirika kuna tofauti kubwa. Mwanadiplomasia akikosea, anaandika ripoti nyingine. Kiongozi wa shirika ana maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wenyeji wa nchi zenye vita, na maisha yao yako mikononi mwake. NRC ililijua hilo kwa uchungu. Mwezi wa 6 mwaka 2012, kabla ya Egeland kufika, msafara wake ulishambuliwa katika kambi ya Dadaab nchini Kenya. Dereva mmoja aliuawa na wafanyakazi wanne wakatekwa kwa siku chache. Mwezi wa 11 mwaka 2015 mahakama ya Oslo iliamua kwamba shirika lilifanya uzembe mkubwa katika ulinzi wa watu wake. Tangu hapo hukumu hiyo imezungumzwa na mashirika mengi yanayotuma watu kwenye hatari.

Njia yake ya kusema na kila mtu haikubadilika. Kutoka 2015 hadi 2018, akiendelea na kazi ya NRC, alikuwa mshauri wa mjumbe wa ONU kwa Syria, akijaribu kufungulia misafara ya chakula miji iliyozingirwa. Mwezi wa 12 mwaka 2022 Taliban walipokataza wanawake kufanya kazi katika mashirika, NRC ilisimamisha kazi zake Afghanistan, na mwezi uliofuata Egeland alikwenda Kabul kuwaambia uso kwa uso kwamba bila wafanyakazi wanawake haiwezekani kufanya kazi.

Orodha ya waliosahauliwa

Kwa Kongo, alama kubwa ya NRC chini ya Egeland ni orodha inayotolewa kila mwaka: nchi kumi ambazo wakimbizi wake wamesahauliwa zaidi duniani. Vipimo ni vitatu: fedha za misaada zimekosekana kiasi gani, vyombo vya habari vinasema nini, na wanasiasa wa kimataifa wanajishughulisha kiasi gani. Kwa mwaka 2017 Kongo ilikuwa ya kwanza. Ikawa ya kwanza tena kwa mwaka 2020, na tena kwa mwaka 2021, ambapo kwa mara ya kwanza nchi zote kumi zilikuwa za Afrika. Katika miaka mingine ya karibu na hiyo ilikuwa ya pili.

Si kila mtu Kongo aliyefurahia kuitwa hivyo. Mwaka 2017 kituo cha takwimu cha NRC kilicho Genève kilionyesha kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka huo watu karibu 5,500 walikuwa wakikimbia makwao Kongo kila siku, zaidi ya nchi nyingine yoyote kwa sababu ya vita. ONU iliiweka Kongo katika ngazi ya juu ya dharura na kuitisha mkutano wa wafadhili Genève, tarehe 13 mwezi wa 4 mwaka 2018. Serikali ya Kinshasa ilikataa kuhudhuria. Ilisema tarakimu zimekuzwa na kwamba picha hiyo inaichafua nchi na kuwatisha wawekezaji. Zilihitajiwa dola bilioni 1.7, na ahadi zilifika kama milioni 530.

Malalamiko hayo hayakuwa ya serikali peke yake. Wakaaji wengi wa mashariki huuliza kwa nini jina la Kongo linatajwa kila mwaka, magari meupe yanapita, na shitingi ni ile ile iliyotoboka. Orodha inapima usahaulifu. Haimwambii mtu ni nani aliyempiga risasi jirani yake, wala ni nani anayefaidika na machimbo. Kazi hiyo ni ya siasa na ya mahakama, na shirika la misaada haliwezi kuifanya mahali pao.

Mwaka 2025 ulionyesha upande mwingine. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza Goma iliingia mikononi mwa M23, na katika wiki zilizofuata kambi kubwa zilizouzunguka mji zilibaki matupu, watu wakiambiwa warudi vijijini. Wakati huo huo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote kwa misaada ya Kongo, ilifunga mifereji yake. Mwezi wa 2 NRC yenyewe ilitangaza kusimamisha kazi zilizolipwa na fedha za Marekani. Mtu aliyewaita matajiri bahili mwaka 2004 akawaona wakibadili mawazo ndani ya siku chache, mwaka 2025 alipaza sauti tena na mifereji haikufunguliwa.

Medali iliyofika Dungu

Kuna mtu mwingine wa Norwei ambaye historia yake iko nyuma ya hii yote. Fridtjof Nansen, mvumbuzi wa nchi za barafu aliyegeuka mwanadiplomasia, ndiye aliyekuwa kamishna mkuu wa kwanza wa wakimbizi katika Shirika la Mataifa, mwaka 1921, na alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1922. Shirika la UNHCR hutoa kila mwaka medali yenye jina lake.

Tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2013, wiki chache tu baada ya Egeland kuingia NRC, medali hiyo ilivishwa mtawa wa Dungu, Sista Angélique Namaika. Yeye mwenyewe alikuwa amekimbia LRA mwaka 2009. Kwa baiskeli yake alizunguka katika njia za matope, akiwakusanya wanawake na wasichana waliotoroka kutoka mikononi mwa waasi, zaidi ya 2,000 kwa jumla, akiwafundisha kusoma, kushona, kupika mikate na kulima. Mwaka mmoja kabla yake, Human Rights Watch ilikuwa imemtunuku Abbé Benoît Kinalegu wa jimbo katoliki la Dungu-Doruma, aliyekusanya habari za mauaji kijiji kwa kijiji.

Baada ya aibu ya Makombo, tume ya haki na amani ya jimbo hilo, pamoja na washirika kutoka nje, ilieneza mtandao wa redio za masafa, zile za HF, katika vijiji vya Uélé. Mtu mmoja katika kijiji alifundishwa kuitumia, na kwa saa maalum kila siku alieleza hali ya usalama. LRA wakionekana mahali, kijiji cha jirani kinajua kabla hawajafika. Habari za vijiji hivyo ziliingia katika ripoti zilizosomwa mbali, hadi New York na Washington.

Egeland alikuwa na kipaza sauti kikubwa, na mara kadhaa kilileta fedha zilizookoa watu. Ndani ya hema la Ri-Kwangba hakikufaa kitu, na katika siku za Makombo hakikuwa na habari ya kutangaza. Kilifaa pale tu kilipopata habari mapema, na habari hiyo ilikuwa na mwenyewe: mtu wa kijiji, mbele ya redio inayotumia betri na mwanga wa jua, akitaja jina la mahali, idadi ya waliopita na njia waliyoshika.